Mke wa Dennis Rader hakujua

Dada, unasema mke wa Dennis Rader, yule muuaji wa Marekani, "lazima alijua" kwamba mumewe anaua watu. Mimi nakataa. Huku kwetu Kirumba mume akiaga kwamba anakwenda kuvua dagaa usiku wa giza, nani anamfuata ziwani kuhakikisha? Asubuhi anarudi, anakunywa uji, analala.

Rader aliua watu 10 kule Wichita, Marekani, kati ya 1974 na 1991. Mchana alikuwa baba wa watoto wawili, mzee wa kanisani hadi akawa mwenyekiti wa baraza, na kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa kufunga ving'ora vya wezi majumbani (hapo ndipo huwa nachoka kabisa!). Kiherehere ndicho kilichomponza 2005: aliwatumia polisi disketi, kumbe ndani limebaki jina "Dennis" na jina la kanisa lake. Vinasaba (DNA) vya muuaji wakavilinganisha na sampuli ya kliniki ya binti yake, binti mwenyewe hana habari. Hebu jiweke hapo. Jamaa akala vifungo 10 vya maisha. Mke aliomba talaka, na mwaka huohuo mahakama ikampa bila hata kumsubirisha siku 60 za kawaida.