Paro: Taktsang usiipande siku ya kwanza

Dada, umeuliza kama siku 5 katika bonde la Paro, Bhutan, zinatosha kwa utamaduni na kupanda milima, na kama mtu wa pwani atapata pumzi huko. Zinatosha, ila Taktsang, ile monasteri ya mwaka 1692 iliyong'ang'ania jabalini, iweke siku ya 4. Uwanja wa ndege wenyewe uko juu ya mita 2,200, kwa hiyo anza polepole na Rinpung Dzong, ngome iliyo pia monasteri, kisha hekalu la Kyichu. Kaa tu utazame wazee wakizungusha magurudumu ya sala.

Siku ya Taktsang toka alfajiri. Farasi anakufikisha karibu na mgahawa wa katikati, kisha ni miguu yako. Kinachokatisha tamaa ni pale unapoiona monasteri mbele yako kabisa, halafu ngazi zinakushusha hadi kwenye maporomoko ya maji ndipo zikupandishe tena! Simu na begi unaacha mlangoni, viatu unavua. Beba soksi nzito.

Serikali inatoza dola 100 kwa usiku, hoteli mbali. Na ukiletewa chakula kiitwacho ema datshi, usidhani ni mboga iliyotiwa pilipili. Pilipili ndiyo mboga yenyewe, na jibini.