Jibu: Farasi wa ubia, siku ya mbio ikoje?

Umeuliza siku ya mbio ikoje kwa mwenye hisa ya farasi, na kama faida ipo. Faida usiitarajie, ndugu yangu. Chakula, kutengeneza kwato na daktari vinaila zawadi ya mbio kabla haijatufikia.

Sisi ni watano kwa farasi mmoja, wote wa Tudor. Mombasa hakuna uwanja wa mbio, kwa hiyo Jumamosi usiku tunapanda treni ya SGR pale Miritini, alfajiri tuko Syokimau, Nairobi, macho mekundu, halafu hao, uwanja wa mbio wa Ngong Road. Utamu wenyewe ni kabla ya mbio, farasi wanapozungushwa mbele ya watu. Unamwona wako anang'aa, masikio mbele, mpandaji kavaa rangi zenu, moyo unadunda kama ngoma ya chakacha. Mkufunzi anaeleza mpango, sisi twatikisa vichwa kama tunaelewa! (Kamari mimi sichezi.)

Mbio za mita 1,200 ni dakika moja na kitu, basi. Safari hii wetu alibebeshwa uzito zaidi kwa sababu mara iliyopita alishinda, ili wengine nao wawe na nafasi. Mita 100 za mwisho akachoka, akawa wa nne. Mwenzetu mmoja alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Kwenye treni ya kurudi aliagiza chai kwa ishara.