Gari Zuri, Jina la Mtu Mwingine

Ukitafuta gari la mkononi Nairobi, kuna sentensi utakayoisikia kabla hata boneti haijafunguliwa: "Karatasi ziko sawa, ni transfa tu haijafanywa." Yaani umiliki haujahamishwa. Husemwa kwa wepesi, kama anayekuarifu kwamba redio haishiki stesheni moja. Mimi nikiisikia huuliza jambo moja tu. Mwenye jina lililo kwenye rejista yuko wapi, na je, naweza kuonana naye?

Magari ya biashara yangu ya kusambaza vyakula nimeyanunua kwa watu binafsi, si kwenye yadi za Ngong Road wala Kiambu Road. Mtu binafsi hukupunguzia bei, tena hukueleza gari lilivyotumika, ukimpata mkweli. Ila hapo hakuna yadi ya kurudia wala meneja wa kulalamikia. Karatasi ni juu yako.

Turudi kwenye hiyo transfa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 8, humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 kinakataza gari lililouzwa kutumiwa barabarani zaidi ya siku 14 kabla mwenye mpya hajasajiliwa. Hivyo ndivyo sheria ilivyo. Mtaani, mwalimu anamuuzia dalali, dalali anamuuzia kijana wa Umoja, kijana analitumia teksi mpaka linachoka, na jina kwenye rejista bado ni la mwalimu. Kila mmoja ameokoa ada ya uhamisho, na deni lote sasa linakungoja wewe.

Zamani walipitishiana bahasha: logibuku (hati ya umiliki wa gari), fomu ya uhamisho iliyotiwa saini bila tarehe, nakala ya kitambulisho na cheti cha PIN ya kodi. Bado utaonyeshwa bahasha za namna hiyo, na wauzaji huzitoa kwa fahari. Lakini siku hizi uhamisho huanzishwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, katika akaunti ya yule aliyesajiliwa. Saini yake ya miaka iliyopita haiwezi kubonyeza chochote. Kama mwalimu amehamia Marekani, au amefariki, au amechoka kupigiwa simu na watu asiowajua, umenunua bahasha.

Kwa hiyo kabla sijapanda matatu kwenda kuona gari la mtu, huomba nambari ya usajili ya gari na picha ya logibuku, kisha naingia eCitizen kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kuitisha rekodi ya gari hilo. Mara ya mwisho ilinigharimu shilingi 550. Muuzaji anayekataa kunitumia nambari eti anaogopa matapeli wa mtandao, na gari lenyewe linapita Thika Road kila asubuhi likiwa na pleti mbele na nyuma, huyo namwacha hapo hapo.

Rekodi ikija, isome polepole. Jina la mwenye gari, nambari ya chasisi, nambari ya injini, rangi, mwaka wa kutengenezwa, na kama kuna zuio lolote. Picha ya logibuku haitoshi hata kidogo, kwa sababu logibuku bandia zipo na nyingine zimetengenezwa vizuri kuliko zile halisi. Mchezo unaojulikana ni wa magari ya kukodi: mtu anakodi gari kwa wikendi, anachapisha logibuku yenye jina lake, anatangaza gari mtandaoni kwa bei ya kuchekesha. Rekodi ya NTSA humuumbua mara moja. Aliye mjanja zaidi hatumii jina lake, hujitengenezea kitambulisho chenye jina la mwenye gari wa kweli. Huyo namjaribu na M-Pesa. Namwambia nitamtumia nauli kidogo tukutane, naingiza nambari yake ya simu, na kabla sijathibitisha najua laini hiyo imesajiliwa kwa jina gani. Si ushahidi kamili, maana watu huazimana laini, lakini majina yakipishana sina haja ya kutoka nyumbani.

Kwenye gari lenyewe, chasisi isome kwa macho yako. Fundi ni wa injini na gia. Magari mengi ya Japani yamechongwa nambari hiyo kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Tazama kama chuma kimesuguliwa, kama rangi hapo ni mpya kuliko pembeni, kama tarakimu moja imekaa juu ya wenzake. Herufi za mwanzo nazo husema kitu. Toyota Probox yenye chasisi inayoanza na NCP50 ilitoka kiwandani na injini ya cc 1300, na NCP51 ni ya 1500. Logibuku ikisema 1500 na chuma kinasema NCP50, huenda injini ilibadilishwa kihalali na kuandikishwa, na huenda sivyo. Muuzaji aeleze, na maelezo yake yalingane na rekodi. Vuta pia mkanda wa kiti hadi mwisho uone lebo yake. Mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa, na mkanda wa 2014 kwenye gari la 2011 una hadithi, pengine ya ajali.

(Nilipoanza, nilikuwa naenda na mdogo wangu wa kiume. Dalali akawa anamweleza yeye kila kitu, na pesa ziko kwangu. Siku hizi naenda na fundi ambaye amekatazwa kuzungumza.)

Ukiingiwa na shaka kuhusu chasisi, usibishane. Pendekeza mlipeleke gari pamoja kwa wapelelezi wa DCI likaguliwe. Mwenye gari lake atalalamika kwamba unampotezea siku. Mwingine atakumbuka ghafla kwamba kuna mnunuzi yuko njiani na pesa taslimu. Na usijifariji kwamba wewe ni mnunuzi tu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, inamshika anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, na kifungo chake kinafika miaka 14. Toyota Fielder inayouzwa nusu ya bei ya soko, usiku, kwenye kituo cha mafuta, ni sababu ya kuamini.

Wezi, hata hivyo, si wengi kama tunavyowaogopa. Waliokaribia kuniingiza matatani zaidi ni watu wazuri tu wenye karatasi za marehemu.

Kulikuwa na Fielder moja Buruburu, safi ajabu, ya mtu mmoja tangu ishuke bandarini. Rekodi ilikuwa na jina la mzee, na aliyetaka kuniuzia alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. "Dada, ilikuwa ya mzee wetu. Alitutoka mwaka jana." Alikuwa na cheti cha kifo, alikuwa na barua ya chifu, na hakuwa akidanganya. Alidhani kwa moyo wake wote kwamba barua ile ilimruhusu kuuza. Barua ya chifu hutaja walioachwa na marehemu ili familia ifungue kesi ya mirathi, basi. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi aliyepewa hati na mahakama, ambayo kwa Waislamu yaweza kuwa Mahakama ya Kadhi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inafanya kuwa kosa la jinai kuingilia mali ya marehemu bila idhini hiyo.

Nikamwambia tumpigie mama yake. Mama akapokea, akanisalimia vizuri, akasema gari liuzwe, karo inadaiwa. Nikamuuliza, kwa adabu, kama mzee alikuwa na nyumba nyingine. Kimya kidogo, kisha: "Kuna wale wa Kitengela." Je, wale wa Kitengela wanajua gari linauzwa? Hakunijibu.

Sikumlaumu mama yule. Lakini kama ningelipa, siku yoyote kijana wa Kitengela angeniona barabarani na gari la baba yake, na sheria ingekuwa upande wake. Niliwaeleza kwamba wakipata hati ya usimamizi waniite, na kama wasimamizi ni wawili, nitataka saini za wote wawili. Nilirudi nyumbani kwa miguu na hasira, maana gari lilikuwa zuri kweli.

Si kila karatasi yenye kasoro ni ya kukimbiwa, lakini. Logibuku yenye majina mawili, la mtu na la benki au kampuni ya mikopo, ni gari lenye mkopo, na hilo linanunulika. Mojawapo ya magari yangu nililipata hivyo. Tulikwenda kwa mkopeshaji pamoja, tukapewa barua ya kiasi kilichobaki, nikalipa kiasi hicho moja kwa moja kwao, na salio likaenda kwa muuzaji baada ya mkopeshaji kuondoa jina lake. Kumbuka tu kwamba tangu Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Zinazohamishika ya 2017, mkopeshaji anaweza kusajili madai yake kwenye rejista ya dhamana, ambayo nayo hupekuliwa kupitia eCitizen. Logibuku safi yenye jina moja bado inaweza kuwa imewekwa rehani. Pekua kote kuwili. Gari la kampuni nalo lataka CR12, hati ya msajili wa kampuni, uone wakurugenzi ni akina nani, pamoja na azimio lao la kuuza. La ubalozi au la mtu aliyesamehewa ushuru, anza kwa watoza ushuru wa KRA kabla ya kuzungumzia bei.

Pesa zenyewe sizitoi sehemu yoyote isipokuwa benki, mchana, kwenda akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye rekodi. Hapa ndipo wengi hukwama. Mnunuzi anataka uhamisho kwanza, muuzaji anataka hela kwanza, na muuzaji mwoga ana haki ya kuogopa. Kwangu wakili ndiye huandika mkataba wenye nambari ya chasisi na kushika pesa. Muuzaji anaanzisha uhamisho kwenye simu yake tukiwa wote mezani, nami nakubali kwenye yangu. Ada ya NTSA hutegemea ukubwa wa injini, kwa hiyo elewaneni mapema ni nani anayeilipa. Wakili anaachilia pesa nikishaona gari limeingia kwenye akaunti yangu. Ada yake inauma, lakini ipige hesabu dhidi ya bei ya gari zima.

Kwenye mkataba andikeni saa, si tarehe pekee, pamoja na kilomita zilizosomwa. Likiwa liligonga mtu asubuhi na wewe ukalichukua saa nane mchana, saa hiyo ndiyo itakayokutetea. Bima ya muuzaji nayo haikufuati. Mimi hununua yangu kwa simu nikiwa bado nimekaa pale pale, ndipo naomba funguo zote mbili, ule wa kila siku na ule wa akiba.