Sprinti yenu haiishi? Hesabuni matanga kwanza

Wiki jana kijana mmoja wa Kakamega aliniandikia inbox usiku wa manane, hata salamu hakumaliza: "Mkubwa, hii ni sprinti ya sita na hakuna hata moja tumemaliza, bosi anasema shida ni mimi, nifanye nini?" Sprinti ni kile kipindi kifupi ambacho timu ya kutengeneza programu inajipangia kazi za kumaliza. Nilicheka, si kwa ubaya, ni vile hiyo meseji ningeiandika mimi mwenyewe mwaka juzi neno kwa neno, ila sikuwa na wa kumwandikia. Na alinipata siku nzuri, maana mchana wake tulikuwa tumefanya demo ya tatu mfululizo, yaani kumwonyesha klaenti kazi ya sprinti, bila kumwomba msamaha. Tatu! Wenye wako kwa hii kazi wanajua hiyo si mchezo.

Sasa ngojeni niwape stori yenyewe, ushauri utakuja.

Tuko watu watano, ofisi ndogo ghorofa ya pili huku Milimani, Kisumu, na klaenti wetu mkubwa wakati huo alikuwa ushirika fulani wa maziwa upande wa Nandi. Mfumo wenyewe ukiusikia ni rahisi: mkulima analeta maziwa kituoni alfajiri, karani anapima, anaingiza kilo kwa simu, mkulima anapata SMS, mwisho wa mwezi analipwa kwa M-Pesa. Sprinti zetu ni za wiki mbili. Ile iliyoniumbua niliipanga peke yangu Jumapili usiku nikiwa kitandani na laptop, tena nikajiona nimeiva kabisa, Jumatatu watu wanafika wanakuta bodi ya kazi imeshajaa na kila tiketi, yaani kila kazi moja, ina jina la mtu. Pointi 47, zile namba za kukadiria ukubwa wa kazi. Na sprinti tatu za nyuma tulikuwa tumemaliza 22, 25 na 21, hizo namba nilikuwa nazo hapo hapo kwa skrini, lakini mwenyekiti wa ushirika alikuwa amenipigia simu akisema wanachama wanauliza, nami nikamwambia "mzee, wiki mbili tu." Ukishasema hivyo kwa simu, planingi imeisha, mnaenda tu kuigiza.

Kuna tiketi moja mpaka leo nikiikumbuka naona aibu. Ilikuwa ya karani kuingiza kilo pahali hakuna netiwaki, simu inahifadhi halafu inatuma baadaye ikipata. Tulikuwa tunakadiria kwa kadi, ule mtindo ambao James Grenning aliuandika 2002, kila mtu anaficha namba yake halafu mnafunua pamoja. Wanne wakafunua 3. Dada mmoja aliyekuwa anashughulika na upande wa seva akafunua 13. Sasa mtindo wenyewe unasema nini? Kwamba mwenye namba ya chini na mwenye ya juu waeleze, halafu mpige kura tena. Mimi nikafanya nini? Nikaangalia saa nikasema, "basi tuweke 5, tusonge." Yule dada akajaribu, akasema karani akiona haijaenda atabonyeza tena, na akibonyeza tena mkulima ataandikiwa maziwa mara mbili, na hiyo hatujaitengenezea chochote. Nikamwambia, nakumbuka maneno yangu vizuri sana, "tujitume tu, tusiwe watu wa kuona shida." Akanyamaza. Mandazi yalibaki kwa sahani siku hiyo, na si kawaida yetu.

Katikati sitawaeleza, mnajua inavyokuwa. Usiku, kahawa, stima ikapotea Jumatano.

Siku ya demo tukapanda kupitia Chemelil mpaka kituoni kwao, kamati yote imekaa kwa viti vya plastiki. Malipo hayakuwepo kabisa, kwa sababu kuenda laivu kulikuwa kunangoja karatasi za ushirika zenyewe zisainiwe na mweka hazina, na mimi nilikuwa nimeiweka ndani ya sprinti kama kazi yetu, kitu ambacho mwisho wake haukuwa mikononi mwetu hata kidogo. Sawa, nikasema tuonyeshe upimaji. Karani akaweka mkebe kwa mizani, 8. Akabonyeza. Netiwaki ikasita, akabonyeza tena. Mama mwenye maziwa akatoa simu kwa kitenge, akasoma SMS, akatabasamu: 16. Watu wakacheka, mwenyekiti hakucheka. Akaniangalia akasema, "Kijana, ng'ombe akikupa kilo nane huandiki kumi na tano eti kwa sababu mnunuzi anataka kumi na tano." Tulirudi Kisumu kwa gari kimya. Kazi hiyo ilienda kwa watu wengine baada ya mwezi. Naambiwa mfumo wao wa sasa hata si mzuri sana, lakini tuyaache.

Yule dada naye akaondoka. Hakunigombeza, alileta barua tu.

Hapo ndio nikaketi nikasoma vizuri mwongozo wa Skramu, hii njia yenyewe ya kufanya kazi kwa sprinti, ule wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, ambao miaka yote nilikuwa nautaja bila kuusoma. Mjue toleo la 2011 liliacha kusema timu inaahidi kumaliza kila kilichopangwa, likasema timu inakadiria. Mimi miaka yote hiyo bado nilikuwa naapisha watu! Na toleo la 2020 linaanza planingi na swali la kwa nini, kwamba hii sprinti ina faida gani, ndipo mchague kazi gani, ndipo namna ya kuifanya. Mimi nilikuwa naanzia kwa majina ya watu. Planingi ya sprinti ya mwezi mmoja wanaipa mpaka masaa 8, kwa hivyo kwa wiki mbili masaa 3 au 4 si uvivu, ni kazi. Dakika 40 nilizokuwa nawapa watu wangu zilikuwa maonyesho.

Sasa ushauri, na huu ndio ule mmoja, mingine yote ni ndugu zake: hesabu siku za watu kabla hujagusa beklogi, ile orodha ya kazi zinazongoja. Watu watano kwa siku 10 za kazi ni siku 50, si ndio? Sio. Sprinti ya juzi mmoja wetu alikuwa na matanga Siaya, Alhamisi na Ijumaa, zikabaki 48. Huku kwetu matanga hayaishi jamani, na hakuna mtu atamwambia bosi mapema kama bosi hajauliza, kwa hivyo uliza, "nani anaenda nyumbani wiki hii?" Mtu mmoja kila siku anashika simu za klaenti na bagi, yaani makosa ya mfumo, zinazoingia, toa 10, zimebaki 38. Planingi, demo, ritro (kile kikao cha mwisho cha kujikosoa) na vikao vya asubuhi vinakula kama siku moja na nusu kwa kila mmoja wa hao wengine wanne, toa 6. Tuko na 32. Stima hata sijaigusa. Kwa hizo 32 ndio mnaweka lengo moja, moja tu, ambalo hata mama wa maziwa akiambiwa anaelewa, na kazi zinazolibeba. Tiketi inayongoja sahihi ya mtu wa nje ibaki nje mpaka sahihi ije. Na mwenye kadi ya 13 aongee wa kwanza, tena mkae kimya akiongea, wacheni kudanganyana na wastani. Nyinyi mabosi mnaojaza bodi Jumapili usiku, mimi nawajua, nilikuwa mwenyekiti wenu, mnadhani ni bidii kumbe ni woga wa simu moja tu ya klaenti.

Yule dada nilimwandikia mwezi uliopita nikamwambia alikuwa sawa kuhusu ile 13. Tiki mbili za bluu. Sijamlaumu.

Kijana wa Kakamega naye nilimjibu na swali: mko wangapi, na siku ngapi? Akajibu haraka, "Wanne, siku 40." Nikamuuliza nani anashika simu za klaenti. Ikaonyesha anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena anaandika.

"Ni mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku, mkubwa."

Nikamwambia basi aanze na 30, halafu aulize nani ana matanga.