Jani lina kasoro gani mpaka lirekebishwe?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nasikia kuna wanasayansi wanarekebisha usanisinuru wa mazao, yaani jani linavyotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, sasa mi najiuliza, jani si limefanya kazi hiyo tangu enzi na enzi, kasoro yake nini? Na mavuno yanaongezeka kweli?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, asante kwa swali. Kasoro zipo tena kubwa tu. Ndani ya jani kuna kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) kinaitwa rubisko, kazi yake kunasa hewa ukaa ili itengenezwe sukari, lakini kiko polepole mno, molekuli chache tu kwa sekunde, na mbaya zaidi kinachanganya, mara nyingine kinanasa oksijeni, na hapo inatokea takataka yenye sumu ambayo mmea lazima uisafishe kwa nguvu ambayo ingeenda kwenye punje. Mahindi, mtama na miwa vyenyewe vinarundika hewa ukaa pale pale rubisko ilipo mpaka oksijeni inakosa nafasi. Wanaoumia ni mpunga, ngano na soya. Mwaka 2019 watafiti huko Illinois, Marekani, waliipa tumbaku njia ya mkato ya kusafisha ile takataka, na shambani mimea ikawa na uzito zaidi kwa kama asilimia 40. Tumbaku wanaianza kwa sababu ni rahisi kuibadilisha jeni, basi.

Kasoro ya pili ndo inanivutia zaidi. Jua likiwa kali jani linatupa mwanga wa ziada kama joto lisije likaungua, yaani linakanyaga breki. Sasa wingu likipita, au jani la juu likitikisika na kulitia kivuli, ile breki inachukua dakika kadhaa kuachia na muda wote huo mwanga unapotea bure, na shambani vivuli vinakuja na kuondoka siku nzima! Watafiti wakaongeza nguvu ya jeni tatu ili breki iachie haraka: 2016 tumbaku ikakua zaidi kwa asilimia 15 hivi, 2022 wakatangaza soya, mavuno yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 24 na protini haikushuka.

Ila hiyo ya soya ni msimu mmoja. Msimu uliofuata dhoruba iliilaza mimea chini, majani yakafunikana, ongezeko halikuonekana wazi. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, yanaongezeka, lakini bado sio kila msimu.