Mwanangu, kiu si tabia

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mpaka baba yako akaniuliza kama simu imeharibika. Unasema tangu mwezi wa nane unamaliza bidoni ya lita 5 kila siku. Usiku unaamka mara mbili, mara tatu, unakwenda kukojoa, ukirudi unakunywa tena. Una miaka 26, hujaugua kitu, Jumapili unacheza mpira, na wenzako wa kazini wanakucheka. Halafu swali lako: "Mama, nifanyeje nipunguze maji?"

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mtandao unakata neno katikati, na hili sitaki likatwe.

Nianze na jua, nisije nikaonekana mama wa kutafuta magonjwa. Lubumbashi mwezi wa kumi najua inavyochoma kabla mvua hazijafika, nilikaa kwa shangazi yako nikaiona. Wewe ni mtoto wa Bukavu, umekulia kwenye baridi ya ziwa. Tena kila nikikuuliza umekula nini, ni makayabu, samaki wale wa chumvi. Chumvi na jua vinatosha kumnywesha mtu. Nilipofika hapo nikatulia, nikaenda kupika. Lakini jua linazama saa kumi na mbili, na wewe unakunywa saa nane usiku. Sombe ikaungua.

Kupunguza maji sitakufundisha. Kiu si tabia. Neno hilo mmelisikia kwangu tangu utoto, mlipokuwa mkigombania termosi na dada yako, mkadhani ni msemo wa kuwanyamazisha. Sasa nitakuambia lilikotoka, na hata baba yako sijamwambia lote.

Mjomba wako unamjua kwa ile picha ya sebuleni, suruali nyeupe, mkono mfukoni. Alivyokufa njiani mwaka 1996 unajua, turudi huko kwa nini. Mwaka usioujua ni 1987.

Yeye alikuwa na miaka 19, mimi 14. Tulikaa Kadutu, Bukavu, kule juu kwa koko, bibi yenu, ambako wewe mwenyewe uliwahi kuanguka kwenye zile ngazi za udongo. Robine, bomba la maji, ilikuwa chini kabisa. Kuteka maji ilikuwa kazi yangu, safari mbili kabla ya shule, bidoni ya lita 20 kichwani na ngata ya majani ya mgomba. Maji yale niliyajua kwa shingo yangu. Basi ikaanza kwamba nikirudi shuleni nakuta bidoni moja tupu na nyingine nusu. Nikaongeza safari ya tatu, kisha ya nne.

Alikuwa akinywa amesimama, kwa kile kikombe cha bati cha buluu kilichobanduka rangi mdomoni. Alikunywa mpaka maji yakamtiririkia kidevuni, kisha akakitazama kikombe ndani kana kwamba ni mtu mwingine aliyekimaliza. Nikampa jina: Bidoni. Ni mimi niliyelianzisha. Watoto wa jirani wakalidaka, barabara nzima ikawa "Bidoni, umebakiza?" Mwanzoni na yeye alicheka.

Halafu nikaficha maji. Nilisukuma bidoni chini ya kitanda cha koko, nikapanga sufuria mbele yake, nikamwachia kikombe kimoja mezani. Nikamwambia, "Yaya," ndivyo nilivyomwita kaka yangu mkubwa, "shuka uteke mwenyewe, miguu unayo." Akashuka. Nilimwangalia nikiwa mlangoni. Kupanda alikaa kwenye ngazi mara tatu, kijana ambaye alikuwa akizipanda mbio na gunia la makaa mgongoni. Nami nikasema moyoni, anajifanya ili nimhurumie. Usiku nikasikia sufuria ikiinamishwa jikoni. Ilikuwa ile ya maji ya kuoshea vyombo. Nikajigeuza ukutani, nikalala.

Nilikuwa mtoto, nitasema nini. Hakuna aliyejua. Ndivyo ninavyojitetea. Lakini mtoto wa miaka 14 anajua kiu ni nini.

Sisimizi ndio waliojua kabla yetu. Choo kilikuwa mbali, usiku Yaya alikojolea kwenye mgomba nyuma ya jiko. Asubuhi moja koko akakuta msitari wa sisimizi kuanzia ukutani mpaka kwenye lile shina, wengi, wanakwenda na kurudi kama siku ya soko. Akasema nimemwaga chai ya sukari, nikala kofi. Sukari yenyewe mwezi ule hatukuwa nayo nyumbani! Kofi lile bado ninalidai.

Kisha pumzi yake ikaanza kunuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Baba yangu alikuwa mtu wa kanisa, akamnusa mara moja tu, akasema ni kasiksi, pombe ya ndizi, mlevi huyu, aachwe alale zimtoke. Akatapika usiku kucha, anahema kama aliyekimbia na hali amelala. Kulipokucha koko hakumwomba mtu ruhusa. Alimwita jirani, wakambeba mgongoni mpaka hospitali.

Kule niliona kitu ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona. Mtu wa labo alichukua kichupa chenye maji ya buluu, akadondoshea mkojo wa Yaya, akakishika juu ya moto mdogo. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, manjano ikawa nyekundu ya tofali. Akatuonyesha kwenye mwanga wa dirisha. "Hii ni sukari." Koko akamuuliza, "Sukari hatununui, hiyo imetoka wapi?" Yule bwana hakumcheka. Akaeleza kwamba mwili wenyewe hugeuza bugali kuwa sukari, na kuna dawa ambayo mwili hujitengenezea ya kuiingiza sukari hiyo kwenye nyama, inaitwa insulini. Kwa kijana huyu imeisha. Sukari inajaa kwenye damu, figo zinashindwa kuirudisha, inatoka na mkojo, na ikitoka inavuta maji pamoja nayo. "Hanywi kwa kupenda," akasema. "Anakimbizana na maji yanayomtoka." Na ule unuko wa ndizi? Mwili ukikosa sukari ya kutumia, unachoma mafuta yake wenyewe.

Baba yangu alikuwa amesimama nyuma yetu. Akatoka nje.

Baada ya wiki tatu Yaya akarudi. Sindano ya kioo ilichemshwa kwenye sufuria ndogo kila asubuhi, chupa ya insulini ikakaa kwenye mtungi penye ubaridi. Siku ile ya kwanza nilimletea maji mwenyewe, kikombe kilekile cha buluu, kimejaa. Akanywa nusu. Akakiweka mezani. Mwanangu, nimezaa watoto wanne na nimeona harusi mbili, lakini furaha niliyoipata kwa yale maji yaliyobaki kwenye kikombe sijui niifananishe na nini. Sikuyamwaga mpaka jioni.

Aliishi miaka tisa zaidi, mpaka zile chupa zilipomwishia njiani. Kuhusu bidoni ya chini ya kitanda hakuwahi kuniambia neno. Zamani nilijifariji kwamba hakujua. Alijua. Kitanda cha koko kilikuwa kifupi, na sufuria hazikai zimepangwa hivyo.

Sasa turudi kwako. Sisemi una sukari. Siwezi kusema, mimi si daktari, na jirani yetu muuguzi ananikumbusha hilo kila siku. Nilipomuuliza kama huyu mjomba amekurithisha, alisema vijana wengi wanaopata aina hii hawana mtu wa nyumbani aliyewahi kuwa nayo, na kuwa na mjomba mgonjwa hakumaanishi na wewe utaugua. Nikapumua. Dakika tano baadaye nikamuuliza tena.

Alisema pia labo ikikuta sukari iko sawa, usirudi tu nyumbani. Kuna dawa zinazoleta kiu, kuna kalsiamu ikizidi kwenye damu, kuna figo. Na kuna ugonjwa wa nadra ambao mkojo hauna sukari hata chembe, ila ubongo hautoi ile amri ya kuziambia figo zibakize maji, au figo zenyewe haziisikii. Huyo ukimnyima maji anakauka. Unaona kwa nini nimekataa swali lako? Kiu si tabia. Haya, wapo wanaokunywa kwa mazoea au kwa wasiwasi, na maji yakizidi sana nayo yanapunguza nguvu ya chumvi kwenye damu. Pengine wewe ni mmoja wao. Mungu asaidie uwe mmoja wao, unicheke mpaka Krismasi.

Ila mkanda wako unaufunga tundu la ngapi siku hizi? Kwenye picha ya mwezi uliopita shati limekupwaya mabegani. Baba yako anasema ni mpira. Sawa, ni mpira.

Kunywa maji unapoyataka. Fanta uiache, usikate kiu kwa kitu kitamu. Chukua bidoni moja, weka mkojo wako wa mchana na usiku mzima, uone ni kiasi gani. Ukipita lita 3 mwambie daktari hivyo. Na Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, nenda upimwe glisemi, yaani sukari ya kwenye damu. Bila kula, kuanzia 126 kwa kipimo cha mg/dl ni namba ya ugonjwa wa sukari. Mtu akiwa amekula, mwenye kiu kama yako, kuanzia 200. Wakisema warudie kipimo, rudi, usilalamikie nauli. Na kama kabla ya Jumatatu utatapika, au tumbo likuume, au uheme bila kukimbia, usingoje kukuche. Gonga mlango wa mtu yeyote.

Nilitaka kuandika ninavyodhani. Nimeandika, nikafuta.

Namba watakayokupa niandikie hivyohivyo ilivyo, usiizungushe kwa kumwogopea mama. Na hao wenzako wa kazini, jina walilokupa la kukucheka ni lipi? Hilo nalo niandikie.

Mama yako