Jibu kwa mwenzetu wa Likoni: usihame kwenu bado

Mdogo wangu, umesema umemaliza chuo, umepata kazi kwa wakala wa forodha pale bandari ya Kilindini, mshahara shilingi 35,000 kwa mwezi, na sasa wataka kupanga bedsita Bamburi kwa sababu wenzako wanakucheka kuwa bado wala kwa mamako. Kazi kama hiyo nimeifanya miaka, nikiwa bado nyumbani. Ushauri wangu: kaa kwenu mwaka mmoja.

Hiyo 35,000 ni ya kwenye barua. Kwa viwango vya 2025, NSSF, akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 6, yaani 2,100. SHIF, bima ya afya, asilimia 2.75, karibu 963. Ada ya serikali ya nyumba nafuu asilimia 1.5, hiyo 525. Kinachobaki ndicho kinachopigiwa PAYE, ushuru wa mshahara, na ukishapewa nafuu ya ushuru ya 2,400, ushuru wako ni kama 1,850. Benki itaingia 29,500 na chenji.

Sasa chukua bedsita ya 10,000. Mwenye nyumba ataka kodi ya mwezi na dipositi, 20,000 imeondoka kabla hujanunua godoro, mtungi wa gesi wala pazia. Bamburi plot nyingi zina maji ya kisima, ya chumvi. Utaoga na kufua, lakini ya kunywa na ya chai utanunua. Bado tokeni za stima. Halafu nauli: kutoka Likoni wavuka feri kwa miguu bila kulipa, ilhali Bamburi ni matatu asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha wanapandisha bei wapendavyo.

Lakini kukaa nyumbani si kukaa bure, na hapa ndipo vijana wengi hukosana na wazee. Mshahara wa kwanza haujaingia, keti na mamako umtajie kiasi. Mimi nilimwambia mamangu stima na unga wa nyumba nzima ni juu yangu, kila mwanzo wa mwezi, asisubiri kuniomba. Akacheka, kisha akauliza, "Na ada ya mdogo wako?" Nikamjibu ada tutaizungumza muhula ukikaribia, si kila Ijumaa. Akanuna siku kadhaa. Baada ya hapo, binamu akija na shida zake, mamangu ndiye aliyekuwa akimjibu: "Huyu ana mzigo wake hapa." Ile ahadi ilinikinga kuliko ukali wowote. Maana jamaa wakisikia uko Kilindini, kwao wewe ni mtu wa bandari, na kila harusi kadi ya mchango ina jina lako.

Kitakachobaki, tafuta sacco yenye leseni ya SASRA, msimamizi wa sacco, akiba ikatwe kwenye mshahara kabla hujaishika. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na kwa riba ya afadhali kuliko mikopo ya simu. Ila ile akiba unayokopea huwezi kuichota ukiwa bado mwanachama, kwa hivyo pesa za ugonjwa au kufutwa kazi ziweke mbali nayo, kwenye mfuko wa soko la fedha (money market fund), ambako waweza kuzitoa ukizihitaji. Sofa ya lipa pole pole iache dukani. Mgeni wako ni nani?

Kuhusu HELB, mkopo wa serikali wa chuo, uliouulizia mwisho: marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, riba asilimia 4 kwa mkopo wa digrii, na ukinyamaza kuna faini ya 5,000 kila mwezi. Ingia kwenye akaunti yako uone deni, kisha mpelekee mhasibu wa ofisi barua aanze kukata. Na mwaka ukiisha mdai fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa, mapema. Mwajiri amekata ushuru sawa, lakini anayejaza ritani za KRA, mamlaka ya ushuru, ni wewe, kabla ya Juni 30 kwisha, na faini ya kuchelewa huanzia 2,000. Siku ya mwisho usiitegemee, mtandao wao huwa umelemewa.